Kinga Moto ya Lwangu

Jina lilitoka wakati wa chai ya saa nne.

Halikutoka kwa kelele. Ukuta wa mbele wa chumba cha uchunguzi, ambao siku zote ulionyesha nyuzi zilizounganisha kampuni za nchi saba, ulififia wote. Likabaki fundo moja tu linalong'aa, dogo, upande wa magharibi wa Njombe. Chini yake palikuwa na maneno machache: Baridi ya Lwangu. Wafanyakazi kumi na mmoja. Nyuzi tatu. Hasara inayotarajiwa, ndogo kuliko zote.

"Leo zamu yao," alisema Nyagawa, mkuu wa kituo, akichovya mkate kwenye chai. "Mwambene, ni wewe unayekwenda?"

"Ni mimi."

"Basi chukua koti la maana. Ukiona Makambako kuna baridi, hujafika Lwangu."

Tusekile Mwambene hakusogea mara moja. Alizoea kusoma chanzo cha uhaba kabla ya kuondoka, hata pale ambapo hakikuwa na faida kwake. Ng'ambo ya bahari kiwanda cha vali za mashine za ubaridi kilikuwa kimeungua. Kiwanda kimoja, vali moja yenye ukubwa wa kidole gumba. Lakini Utando, mtambo uliofuatilia biashara ya kampuni hizo zote, ulikuwa umeufuata uhaba huo kutoka kampuni hadi kampuni: mafundi wa makontena wamekosa vali, wasafirishaji wamekosa makontena, na kabla ya mwezi kwisha maghala ya dawa ya kanda ya Maziwa Makuu yangekosa ubaridi. Insulini ingeharibika kwanza, kisha chanjo za watoto.

Zamani uhaba wa namna hiyo ulisafiri hadi ukachoka wenyewe, na watu walijua umepita mahali kwa kuhesabu makaburi. Ndipo nchi saba zikatia saini Mkataba. Watu wa nyanda za juu hawakuhitaji kuelezwa sana wazo lake, kwa kuwa walilima misonobari. Msitu wa misonobari huachiwa ukanda mtupu usio na mti hata mmoja, ili moto ukifika hapo ukose cha kula. Utando ulitafuta ukanda kama huo katikati ya kampuni. Kampuni iliyochaguliwa haikuwa na kosa. Ilikuwa imesimama tu mahali ambapo kuikata kulimgharimu kila mtu kidogo kuliko kuikata nyingine. Kwa msimu mmoja hakuna kampuni yenye leseni iliyoruhusiwa kununua kwake, kuiuzia, wala kubeba mzigo wake. Vali zake, gesi yake na makontena yake vilipewa wenye shida kubwa zaidi. Msimu ukiisha, nyuzi zilirudishwa.

Mkataba ulidai jambo moja ambalo mtambo haukuweza kulifanya. Mtu mwenye elimu ya kazi hiyo alipaswa kwenda, kusimama hapo, kuona kwa macho yake, na kuthibitisha kwamba kilichopo ndicho Utando unachokijua. Tusekile alikuwa amethibitisha mara kumi na saba. Alikuwa pia ndiye aliyeandika, miaka sita nyuma, ile sehemu ya Utando inayojifunza: kila baada ya mkato, mtambo ulilinganisha hasara iliyotabiriwa na hasara iliyotokea, ukajisahihisha. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji mtu yeyote aaminiwe.

Alimaliza chai, akaenda kutafuta koti.

*

Gari la kituo likionekana kwenye barabara ya kijiji, watu huacha kazi. Tusekile alilijua hilo na alikuwa ameacha kulijali. Alipofika, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa ameshatoka mlangoni, amevaa gambuti na koti zito la kufanyia kazi chumba cha baridi, mikono mfukoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekuja kutupima au umekuja kutufunga?"

"Nimekuja kukagua."

"Ni kitu kimoja hicho, mwanangu, ila ingia. Mimi ndiye Velonika Mgaya. Chai utakunywa kabla ya kutuumiza au baada?"

"Baada, mama. Asante."

"Una adabu. Wa mwaka juzi kule kwa wenye maua alikunywa kabla."

Ukaguzi ulianza vizuri. Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja kweli. Aliwaona wote, aliwauliza majina. Mashine za ubaridi zilikuwa mbili. Nyuzi zilikuwa tatu kama ukuta ulivyosema: shamba moja la parachichi lililowauzia, msafirishaji mmoja aliyewabebea, mnunuzi mmoja bandarini. Kila kilichokuwa kwenye kifaa chake kilikuwepo pia mbele ya macho yake. Alikuwa amebakiza chumba cha baridi.

Ndani kreti zilipangwa hadi darini, zote za buluu, kila moja na kihisi cha Lwangu ubavuni. Tusekile alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka: alikuwa haangalii kreti, alikuwa anaangalia uchafu wa kreti. Akachuchumaa. Kreti ya kwanza ilikuwa na udongo mwekundu kwenye kitako. Ya pili ilikuwa na udongo mweusi. Ya tatu ilikuwa na ule wa kijivu wa mabondeni, unaonuka maji. Shamba moja haliwezi kuwa na udongo wa aina tatu.

Ndipo alipoziona rangi. Chini ya mshikio wa kila kreti, mahali ambapo mkono hufika kabla ya jicho, palikuwa na alama ya rangi ya nyumba iliyopakwa kwa kidole. Doa la njano. Madoa mawili mekundu. Mstari wa kijani. Msalaba mweupe. Alitembea safu baada ya safu akihesabu alama zilizotofautiana, na nyuma ya parachichi akakuta pasheni, nyuma ya pasheni stroberi, nyuma ya stroberi njegere. Aliishia thelathini na nne.

"Mama, hizi rangi ni za nini?"

"Urembo."

"Mama."

Mama Velonika aliufunga mlango wa chumba cha baridi, wakabaki wawili ndani, pumzi zao zikionekana.

"Ni mbeleko," alisema.

Akaeleza bila kujitetea. Kikundi kikitaka uzi wake chenyewe kwenye Utando, lazima kiwe na chumba chake cha baridi, mashine zake, na kihisi kwa kila kreti. Kikundi cha kaya sabini zenye miti michache kila moja hakiwezi kufika huko hata kwa miaka ishirini. Lwangu ilipopata leseni, jirani mmoja aliomba kreti zake zisafiri mgongoni mwa zile za Lwangu, kwa jina la Lwangu. Halafu jirani wa jirani. Kila mmoja alichagua rangi yake ili kreti zikirudi zijue pa kwenda. Hakukuwa na karatasi. Aliyesahau rangi yake alichekwa.

"Ni wangapi kwa jumla?"

"Vikundi thelathini na vinne. Ukienda hadi nyumbani kwao, kaya elfu mbili na mia sita. Labda na kitu."

Tusekile alikitazama kifaa mkononi. Bado kiliandika kumi na mmoja.

Alikuwa ametumia ujana wake kutafuta nyuzi zilizofichika. Tasnifu yake ya udaktari ilihusu jambo hilohilo: namna ya kugundua kwamba kampuni mbili zinafanya biashara hata kama zenyewe zinakana, kwa kutazama siku malori yanapopishana na umeme unapopanda. Njia zake zilikamata wakwepaji wa nchi saba. Hazikuwahi kukamata watu waliopakia kwenye lori moja, siku moja, umeme mmoja. Kwa mtambo, wote hao walikuwa mtu mmoja.

"Unajua adhabu ya kubeba mzigo kwa jina lisilo lake," alisema.

"Kufutwa. Aliyebeba na aliyebebwa."

"Kufutwa si msimu mmoja. Ni kutofanya kazi na mwenye leseni yeyote maisha yote."

"Mwanangu, tunajua kusoma huku."

*

Hakuwa na ruhusa ya kuita mkutano, lakini watu walikuwa wameshakuja. Walisimama kwenye baraza la kupangia matunda, wengine bado wameshika mikasi ya kuvunia. Mama Velonika aliwaambia neno moja tu, kwamba daktari ameona rangi. Hakuna aliyekimbia.

Aliyeanza alikuwa Kastory Msigwa, mtu mrefu wa pasheni, mwenye madoa mawili mekundu.

"Daktari, hebu nikuulize kama mtu asiyeenda shule. Ukiandika ulichoona, Lwangu inakatwa?"

"Hapana. Hasara ya kuikata itapanda mno. Utando utachukua jina la pili."

"La pili ni nani?"

"Kiwanda cha maziwa, Kasama. Watu mia mbili na sita."

"Wazambia. Pole yao. Na sisi tumepona?"

"Ninyi mtafutwa."

"Tutafutwa akina nani?"

"Wote thelathini na nne. Na Lwangu."

Kastory aliwageukia wenzake. "Mmesikia dawa hiyo? Mgonjwa anatolewa wodini, anapelekwa makaburini moja kwa moja, asisumbue manesi."

Wachache walicheka, kwa sababu ilikuwa lazima mtu acheke.

"Na usipoandika?" Aliyeuliza alikuwa mwanamke mfupi aliyesimama peke yake karibu na mzani. Mama Velonika alimtaja kwa sauti ya chini: Leokadia Mhema, wa stroberi, msalaba mweupe.

"Lwangu inakatwa msimu mmoja. Mizigo yenu inabaki hapa, inaoza. Msimu ukiisha nyuzi zinarudi na mnaendelea mlivyokuwa."

"Tuvumilie," alisema Kastory. "Msimu mmoja si kitu. Mimi mama mkwe wangu alikuja kunisalimia, akakaa misimu miwili."

Kicheko cha pili kilikuwa cha kweli zaidi. Leokadia hakucheka.

"Wewe una mipasheni, itakuwepo mwakani," alisema. "Velonika ana miti. Mwenye mti anaweza kuvumilia, amekaa kivulini. Mimi nina miche. Stroberi nisipoiuza msimu huu, sina cha kununulia miche ya msimu ujao, na mashamba ni ya kukodi. Mkisema tuvumilie, semeni mnavumilia kwa niaba ya nani."

"Kwa hiyo tuandikwe, tufutwe wote, ili wewe usiumie peke yako?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa, dada?"

Leokadia alitazama kiganja chake chenye madoa ya stroberi. "Nimesema tu ijulikane."

Mama Velonika alimwelekea Tusekile, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake haikuwa na utani.

"Andika kumi na mmoja, mwanangu. Tukate."

Tusekile aliomba apewe nafasi, akaenda kusimama nyuma ya jengo, ambapo mashine za ubaridi zilinguruma. Alipiga hesabu. Kaya elfu mbili na mia sita zinapoteza msimu mmoja. Huo upande wa kwanza. Upande wa pili, kaya hizohizo zinapoteza misimu yote, na watu mia mbili na sita wa Kasama wanafunga kiwanda juu yake. Pande zote mbili insulini inafika. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta, na alikuwa hodari wa kutafuta. Aliipitia hesabu mara ya pili akiondoa uso wa Leokadia na uso wa Mama Velonika, kisha mara ya tatu. Jibu halikubadilika. Huruma haikuwa na nafasi yoyote katika hesabu ile, na ndiyo sababu aliiamini.

Kifaa kiliuliza: nyuzi zisizosajiliwa? Akabonyeza: hakuna. Kikamwomba kidole gumba, akakiweka.

Ulikuwa uongo wa kwanza wa maisha yake ya kazi. Alishangaa kwamba kifaa kilichukua muda uleule kinaouchukua kila siku.

*

Mkato ulifanya kazi. Hilo ni lazima lisemwe. Vali za Lwangu zilifungwa kwenye makontena ya dawa wiki ileile, na maghala ya kanda ya maziwa hayakupoteza boksi hata moja. Huko Kigoma, kwa makadirio ya Utando, watu mia nne na kumi walioishi kwa insulini waliendelea kuishi bila kujua kwamba kuna swali liliulizwa juu yao. Tusekile aliisoma taarifa hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sheria ilimkataza mkaguzi kuwasiliana na kampuni iliyokatwa. Haikumkataza kutazama picha za angani. Katika picha za mwezi wa kwanza, bondeni chini ya jengo la Lwangu palikuwa na chungu za matunda, za kijani. Katika mwezi wa pili zilikuwa za kahawia. Mwezi wa tatu zilikuwa zimezikwa, na juu yake palionekana ardhi iliyofukuliwa upya.

Msimu ulipokwisha, kituo kilikaa kikao cha tathmini. Nyagawa alikuwa amenunua keki.

"Mwambene, simama wakuone," alisema. "Utabiri wa hasara na hasara yenyewe vimetofautiana kwa chini ya asilimia moja. Jamani, nimekaa hapa miaka kumi na mitano. Sijawahi kuona mkato safi hivi."

Walipiga makofi. Tusekile alisimama, akakaa, akakata kipande cha keki, na katikati ya kukata ndipo akaona maandishi mapya pembeni mwa ukuta, chini ya jina la Lwangu. Yalisema: kinga ya kudumu.

Hakuhitaji kueleweshwa. Yeye ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Mahali palipokatwa pakaumia sawasawa na utabiri, mashaka ya mtambo juu ya mahali hapo hupungua. Mashaka yakipungua, gharama ya kukata hapo hushuka. Gharama ikishuka, mahali hapo hutangulia mbele ya pengine wakati mwingine. Ilikuwa kanuni nzuri. Aliithibitisha kwa kurasa arobaini. Kaya elfu mbili na mia sita zilikuwa zimepoteza msimu, na kwa kuwa hazikuwepo, mtambo haukuiona hasara yao kuwa hasara. Uliiona kuwa uhakika. Kadiri walivyoumia kimya, ndivyo walivyothibitisha kwamba hapo hapaumizi.

Nyuma ya jengo la Lwangu, mashine zikinguruma, alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa kazi yake mwenyewe.

Alimfuata Nyagawa ofisini.

"Mzee, tuseme Lwangu kulikuwa na nyuzi ambazo hazikuonekana."

Nyagawa aliweka kikombe chini taratibu. "Tuseme, au kulikuwa?"

"Tuseme."

"Basi na mimi tuseme nimesikia upepo. Makambako haukosekani." Akainuka, akafunga mlango. "Hebu tuendelee kusema, basi. Kama kulikuwa, Lwangu inafutwa, na waliobebwa wanafutwa. Wewe unaondoka, hilo dogo. Mikato yako yote inafunguliwa upya, na dawa zilizopita hapo zinakuwa zimepita kwa saini batili. Halafu kila mkaguzi wa nchi saba anaulizwa aliona nini chini ya kreti." Akamtazama. "Unadhani ni Lwangu peke yao wanaobebana?"

Tusekile hakuwa ametaja kreti. Wote wawili walilijua hilo.

"Kuna namna nyingine," alisema hatimaye. "Tubadilishe kanuni. Kila kinga ipumzishwe misimu mitatu kabla ya kukatwa tena. Nitaandika pendekezo."

"Andika."

Aliandika kurasa kumi na nne. Kamati ya Mkataba ilijibu kwa mistari mitano. Kupumzisha kinga kungesukuma mikato kwenye kampuni zenye hasara kubwa zaidi, na mwandishi hakuonyesha mahali popote ambapo kinga iliyorudiwa imeumia kuliko ilivyotabiriwa. Pendekezo halikuwa na ushahidi. Waliongeza, kwa heshima, kwamba mfano bora waliokuwa nao wa kinga isiyoumia ulikuwa ule aliouthibitisha yeye.

*

Jina la Lwangu lilitoka tena mwanzoni mwa mvua, kwa uhaba wa gesi ya kupozea. Likatoka tena mwaka uliofuata kwa sababu ambayo Tusekile aliisahau. Mara zote mbili zamu ilikuwa ya mtu mwingine, na mara zote mbili mkaguzi alirudi na jibu lilelile. Mara ya nne aliiomba zamu mwenyewe.

"Unakwenda kufanya nini?" Nyagawa alimuuliza.

"Kukagua."

"Mwambene."

"Nakwenda kuandika nitakachokiona, mzee. Nikirudi utaniambia nani achukue meza yangu."

Nyagawa alimpa ufunguo wa gari.

Njia nzima alikuwa akiipanga sentensi yake. Angeandika thelathini na nne, na kaya elfu mbili na mia sita, na misimu mitatu. Angeambatanisha picha za chungu. Walio Lwangu wangefutwa, lakini mtambo ungelazimika kuona kwamba ulikosea mahali ulipokuwa na uhakika zaidi, na mtambo ukiona kosa la namna hiyo huanza kuyatilia mashaka mafundo yote yanayofanana nalo. Mahali pengine, chini ya mishikio mingine, watu wengine wangepona. Ilikuwa hesabu mbaya, lakini safari hii alikuwa amejiweka ndani yake.

Hakuna aliyeacha kazi barabarani. Hakukuwa na watu wa kuacha kazi.

Mama Velonika alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anachambua parachichi peke yake. Nywele zake zilikuwa zimepata mvi. Alimtambua mara moja.

"Kamwene, Daktari. Safari hii wamekuleta mwenyewe."

"Kamwene, mama. Nimekuja kuandika ukweli."

"Ingia basi."

Mashine moja tu ilikuwa inanguruma. Ndani kreti zilikuwa zimefika kiunoni. Tusekile alichuchumaa kwenye ya kwanza, akapitisha vidole chini ya mshikio, akaenda ya pili, ya tatu, akamaliza safu nzima. Chini ya mishikio hapakuwa na kitu. Udongo kwenye vitako ulikuwa mwekundu, kote mwekundu.

"Rangi ziko wapi?"

"Nani atapaka?" Mama Velonika alikuwa amesimama mlangoni. "Leokadia aliondoka msimu uleule wa kwanza. Alikodi mashamba, mashamba yakarudi kwa wenyewe. Anapika kantini ya watu wa reli. Msimu wa pili wakaondoka wa njegere wote, na Kastory akang'oa pasheni."

"Yuko wapi?"

"Anakata mbao Mafinga. Bado anachekesha watu, nasikia. Waliobaki mwaka jana waliona bora wawauzie walanguzi wa barabarani, mzigo uende popote, kuliko kuuleta hapa uoze huku tukijua kabisa utaoza. Miti wengine wamekata, wamepanda misonobari. Msonobari hauhitaji kusafiri."

Tusekile alibaki amechuchumaa. "Ninaweza kuandika walivyokuwepo," alisema. "Nilichoona mara ile."

"Ukiandika walivyokuwepo, wanafutwa huko waliko?"

Alifikiri. Jina likifutwa lilifutwa kila mahali: kantini ya kampuni yenye leseni, kiwanda cha mbao chenye leseni. "Ndiyo."

"Wameshahama mara moja, mwanangu. Waache."

Alisimama, magoti yakiuma kwa baridi. Alitoka, akahesabu wafanyakazi, akawauliza majina. Walikuwa tisa. Nyuzi zilikuwa tatu. Hakukuwa na mzigo wa mtu mwingine mahali popote, na alitafuta kila mahali, hata kwenye banda la kuni, kama mtu anayeomba apate wa kumkamata.

Kisha akatazama kifaa. Kiliandika wafanyakazi tisa. Nyuzi tatu. Hasara inayotarajiwa, ndogo kuliko zote.

"Kinasemaje hicho?" Mama Velonika aliuliza.

"Kinasema mko tisa."

"Si ndio tulivyo?"

"Ndivyo mlivyo."

"Basi kimetupata."

Nyuzi zisizosajiliwa? Tusekile alibonyeza: hakuna. Akaweka kidole gumba. Lilikuwa jibu sahihi, na lingekubaliwa na mkaguzi yeyote makini wa nchi saba. Dakika chache baadaye mashine iliyobaki ilikohoa, ikazimika; mkato ulikuwa umeanza.

Mama Velonika alienda kwenye mlango wa chumba cha baridi, akaufungua wote hadi ukutani, akauwekea jiwe.

"Usiufunge ukitoka," alisema. "Kikikaa kimefungwa kinaota ukungu."